Bomba la shawa linatikisa, maji moto hayadumu: je, tununue hita mpya?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Moshono, Arusha. Nyumbani tuko sita, pamoja na mama mkwe na mtoto wa mwaka mmoja. Tuna hita ya lita 50 iliyofungwa ukutani bafuni, inapata maji kutoka simtanki iliyo juu ya mnara. Zamani ilitutosha, lakini tangu baridi ianze maji moto yanadumu dakika tatu, nne, halafu yanakuwa vuguvugu, na uniti za LUKU zinakwisha haraka. Kile kivalvu cha chini kilikuwa kinadondosha maji. Fundi akaja akakiziba kwa kizibo. Wiki iliyopita mama mkwe alishika bomba la shawa likamtikisa. Mimi nikishika, mara nasikia, mara sisikii kitu. Fundi anasema hita imechoka, tununue nyingine. Mume wangu anaona bora tuweke sola. Halafu dada wa kazi huchota maji ya hita kupikia uji wa mtoto ili tuokoe gesi, kuna ubaya? Tufanyeje?

Jibu: Mama, kabla hujaendelea kusoma, nenda kwenye boksi la breka uzime breka ya hita. Usitumie swichi ya bafuni, na usishike kitu chochote chenye maji njiani. Kama hujui breka ya hita ni ipi, zima swichi kuu. Kisha waambie wote nyumbani kwamba bafu hilo halitumiki mpaka fundi umeme alipime. Siku hizi mbili tatu maji ya kuoga yachemshwe jikoni, na watu waogee kwenye beseni mahali pengine. Najua ni usumbufu kwa baridi hii, lakini bomba linalotikisa ni bomba lenye umeme, na mtu aliyelowa, amesimama peku kwenye sakafu ya maji, hana kinga yoyote.

Hiyo ya “mara nasikia, mara sisikii” inaniambia mengi. Themostati ya hita huwasha na kuzima yenyewe. Maji yakifika joto lililowekwa inakata, yakipoa inawasha. Kama bomba linatikisa wakati hita inapasha na linatulia ikishakata, basi mshukiwa wa kwanza ni koili. Koili ni waya uliofichwa ndani ya mrija wa chuma, katikati umejazwa unga usiopitisha umeme. Mrija ukipata ufa au ukiliwa na kutu, maji yanaingia kwenye ule unga, na umeme unapata njia ya kutoka. Koili inaweza kuvuja namna hiyo na bado ikapasha maji, ndiyo maana watu hukaa nayo muda mrefu wakidhani bomba “lina baridi kali”. Lakini mshukiwa si mhalifu. Nimeona nyumba ambazo hita ilikuwa nzima kabisa na umeme ulitoka kwenye pampu ya maji uani, ukasafiri kwa mabomba ya chuma hadi bafuni. Kwa hiyo fundi asianze kwa kung'oa hita. Aanze kwa kupima.

Utajiuliza, mbona breka haikuruka? Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Breka ya kawaida ya hita, tuseme ya ampea 20, imewekwa kulinda waya usiungue. Haikuwekwa kumlinda mtu. Umeme unaoweza kusimamisha moyo ni sehemu ndogo sana ya ampea moja, na kwa breka hiyo ni kama hakuna kilichotokea. Hata waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, peke yake hautoshi. Nyumba nyingi kwetu zinategemea nondo ya shaba iliyopigwa ardhini karibu na mita, na udongo ukikauka upinzani wake unapanda. Chukua mfano nondo ina upinzani wa omu 20. Volti 230 ukigawanya kwa 20 unapata ampea 11 na nusu. Breka ya 20 itatulia tu, umeme unamwagika ardhini, mabomba yamebeba volti, na LUKU inahesabu. Kila ampea moja inayovujia ardhini inakula karibu robo ya uniti kwa saa. Huenda sehemu ya uniti unazozililia zinapotelea hapo.

Dawa yake ni kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD. Kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30 kinakata mara moja. Nyumba yenye hita, shawa ya umeme au pampu bila RCD mimi siihesabu kuwa imekamilika, hata ingekuwa na vigae vya kupendeza namna gani. Kina kitufe kidogo cha majaribio, kibonyeze mara moja kwa mwezi. Kisiporuka, kimekufa, kibadilishwe.

Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na usione haya kumwomba akuonyeshe. Mwambie mambo manne unayotaka ayafanye. Kwanza apime kwa mega, kifaa cha kupima uvujaji wa umeme, kama koili inavuja kwenda kwenye bodi ya hita, kisha afanye hivyo hivyo kwa pampu kama mnayo. Afuatilie waya wa ethi kuanzia hita hadi kwenye nondo ahakikishe haujakatika njiani, kwa sababu mara nyingi upo kwenye hita lakini umeachwa ukining'inia ndani ya ukuta. Aangalie swichi ya hita iwe ile inayokata nyaya zote mbili. Ukikuta swichi imefungwa kwenye waya usio na moto, utaizima, taa itazimika, na hita itabaki na umeme. Mwisho afunge RCD. Kama ni koili, inabadilishwa yenyewe pamoja na gasketi yake, na hita inaendelea na kazi.

Sasa kile kizibo. Hili linanikera kuliko yote uliyoandika, maana fundi alilipwa ili kutengeneza hatari. Kivalvu kile ndicho mlango pekee wa dharura wa tangi lile. Maji yakipashwa yanavimba. Lita 50 zikitoka nyuzi 18 hadi 60 zinaongezeka kama robo tatu ya lita, na maji hayabanwi yakakubali. Kwa kuwa kwenye kivalvu hicho kuna pia kizuizi cha maji yasirudi, nyongeza hiyo haina pa kwenda ila kutoka matone matone pale chini. Yaani hita inayodondosha kidogo wakati inapasha inafanya kazi yake. Ukiiziba, kila ikipasha tangi linasukumwa kwa ndani mpaka linapata nyufa. Na siku themostati ikigoma kukata, maji yatapita kiwango cha kuchemka bila kuwa mvuke kwa sababu yamebanwa. Tangi likipasuka yanageuka mvuke kwa mkupuo, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara elfu moja ya maji yaliyouzaa. Ukuta wa bafu hauhimili hilo.

Kizibo kitoke kabla hita haijawashwa tena, na hapo kifungwe kivalvu kipya, ni kifaa cha bei ndogo. Kiungwe na mpira au bomba dogo linaloshuka hadi kwenye shimo la maji ya bafu, mwisho wake uwe wazi. Kama chako kilikuwa kinadondosha hata hita ikiwa imezimwa, sidhani ni presha kubwa. Mnatumia maji ya mserereko kutoka simtanki, na kila mita 10 za kimo zinaleta presha ya baa moja tu, wakati vivalvu hivi hufunguka kwenye baa sita hadi nane. Zaidi nadhani kuna chembe ya mchanga imekaa kwenye kiti cha kivalvu. Mvua za masika huleta tope kwenye vyanzo vya maji, tope linatua simtanki, simtanki haioshwi, na chembe zinashuka hadi huko. Kuinua kile kiwiko chake kidogo kwa sekunde chache kila mwezi husukuma uchafu nje. Wanaounganisha hita moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji, hasa mabondeni, hao ndio wenye haki ya kushuku presha, na wanahitaji kifaa cha kuipunguza.

Umeme ukishakuwa salama na kivalvu kimebadilishwa, ndipo tuzungumzie maji kutodumu. Hapa simwamini fundi wako kabisa. Koili iliyokufa haipashi hata kidogo, yenu inapasha. Maji yanayoanza moto kisha yakawa vuguvugu upesi yanasema kwamba maji baridi yanajichanganya mahali ambapo hayakupaswa kuwa.

Jiulize, fundi alipokuja kuziba kivalvu alifungua mabomba mawili ya hita? Kama alifungua, huenda aliyarudisha kinyume. Kwenye hita upande wenye alama ya bluu ni wa maji baridi yanayoingia, mwekundu ni wa maji moto yanayotoka. Ndani, bomba la kutoka limepanda hadi juu ya tangi ambako joto hukusanyika. Ukiyageuza, unavuta maji ya chini ambayo ni ya baridi, na ya moto yanabaki juu yakipoa. Dalili ni hii hii yako. Kuangalia ni kuangalia rangi tu.

Kama hayajageuzwa, fanya jaribio hili, na nalipenda kwa sababu halihitaji kifaa chochote. Funga koki inayopeleka maji kwenye hita. Kisha nenda kwenye sinki, fungua upande wa maji moto peke yake. Yatatoka kidogo yaliyobaki kwenye bomba, halafu yanapaswa kukoma. Yakiendelea kutiririka, kuna mahali maji baridi yanavuka kuingia njia ya maji moto. Mara nyingi ni miksa ya shawa, yaani bomba linalochanganya maji moto na baridi, iliyochakaa ndani, au shawa ya mkono yenye kitufe cha kufungia kwenye mpini. Mtu akimaliza anafunga kwenye mpini na kuiacha miksa wazi, basi njia mbili zinakutana mchana kutwa. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa maji baridi ya bafuni yanatoka moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka na ya moto yanatoka simtanki, kwa kuwa yale yenye presha yanayasukuma haya ya mserereko. Nyumba nyingi zilizoongezewa simtanki baadaye ziko hivyo. Suluhisho ni kuunganisha pande zote mbili za bafu na simtanki, na kubadilisha miksa iliyoharibika.

Kuna jambo jingine ambalo si la bomba. Jioni, kila nyumba mtaani ikiwasha vitu vyake, umeme hushuka. Watu wanajua taa zinafifia, lakini hita inaumia zaidi ya taa, kwa sababu nguvu yake inafuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, hita ya kilowati moja na nusu inabaki na asilimia 61 tu ya nguvu yake, chini ya kilowati moja. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 18 hadi 60 kunahitaji uniti mbili na nusu hivi. Kwa umeme kamili ni kama saa moja na dakika 40. Kwa volti 180 ni saa mbili na dakika 40. Mkiwasha saa 12 jioni na kuanza kuoga saa moja na nusu, mnaoga maji ambayo hayajaiva. Mwombe fundi apime volti pale hita ilipo usiku, hita ikiwa inapasha. Zikiwa chini sana hapo ilhali kwenye mita ziko sawa, waya wa hita ni mwembamba au kuna kiungo kilicholegea, na kiungo kilicholegea huungua. Zikiwa chini hadi kwenye mita, toa taarifa TANESCO, na wakati huo huo washeni alfajiri au mchana.

Nawe nikwambie bila kuficha kwamba hata hita yenu ikipona kabisa, lita 50 kwa watu sita mwezi wa Julai ni kidogo. Lita 50 za nyuzi 60 ukizichanganya na maji baridi zinatoa, kwa hesabu ya karatasi, kama lita 95 za nyuzi 40 za kuogea; kwa hali halisi nahesabu 70. Shawa ya kawaida inamwaga lita nane hadi kumi kwa dakika, kwa hiyo ni dakika saba, nane kwa nyumba nzima kabla ya kusubiri tena. Wengine waoge asubuhi, wengine jioni, na mtafute kichwa cha shawa chenye matundu machache. Kuiacha ikiwaka saa 24 hakuongezi maji. Kunaongeza joto linalopotelea ukutani, na uniti moja au zaidi kidogo kwa siku inaondoka hivyo.

Usiteremshe themostati chini ya nyuzi 60 kwa ajili ya kubana matumizi. Maji vuguvugu yanayokaa kwenye tangi ni makao mazuri ya bakteria wa lejionela, wanaoingia mapafuni kwa vitone vidogo vya maji ya shawa, na wazee ndio wanaoumia zaidi. Lakini nyuzi 60 zinaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto au ya mama mkwe upesi zaidi. Kwa hiyo kwenye beseni la mtoto tangulizeni maji baridi, ndipo muongeze ya moto, na mjaribu kwa kiwiko.

Kuhusu uji: acheni kabisa. Maji ya hita yamekaa kwenye tangi la chuma, yamepita kwenye kijiti cha anodi kinacholiwa na kutu humo ndani na tope la chini, na maji moto yanayeyusha madini ya mabomba kuliko maji baridi. Kwetu huku kuna sababu ya ziada. Maji mengi yanayozunguka mlima Meru yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na ukitaka kuona inachofanya kwa meno na mifupa, watu wa Maji ya Chai na vijiji vya jirani wameishi nayo vizazi na vizazi. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa kuchemka, floridi iliyobaki inakuwa nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa, na kichujio cha namna hiyo ndicho kinachosaidia, si sufuria wala hita. Mtoto wa mwaka mmoja anajenga meno yake ya ukubwani sasa hivi ndani ya fizi. Maji ya uji yatoke kwenye chanzo mnachojua kina floridi kidogo, yapashwe jikoni.

Basi, hita mpya? Kama tangi lenyewe linavuja, yaani maji yanatoka kwenye mwili wake wala si kwenye viungo au gasketi, hapo hakuna matengenezo, nunueni. Vinginevyo koili, themostati, kivalvu na anodi vyote hubadilishwa. Fundi akifungua kwa ajili ya koili, aiangalie anodi. Ni kijiti cha magnesi kinachokubali kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Maji yenye magadi mengi hukila haraka, kwa hiyo msisubiri miaka mingi; kikibaki waya wa katikati tu, wekeni kipya. Maji ya rangi ya kutu asubuhi, upande wa moto peke yake, ndiyo dalili kwamba kimekwisha siku nyingi. Na kila simtanki inapokauka, hita izimwe. Maji yakirudi fungueni bomba la moto mpaka yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo muwashe. Koili inayowashwa kavu haimalizi hata dakika chache.

Wazo la mume wako ni zuri, ila sola isinunuliwe kwa kukimbia tatizo la leo, maana miksa inayovusha maji itaivuruga sola vile vile. Tengenezeni kwanza. Mkifunga, paneli zielekee kaskazini, kwa sababu Juni na Julai, mnapoihitaji zaidi, jua letu liko upande huo, na ziinamishwe nyuzi 15 au zaidi ili maji moto yapande yenyewe kwenda kwenye tangi. Tangi liwe juu ya paneli. Likiwa chini, usiku maji hurudi nyuma na asubuhi mnakuta baridi. Mawingu ya Arusha kati ya Juni na Agosti yanaweza kuziba jua siku kadhaa mfululizo, kwa hiyo hita yenu ya lita 50, ikishapona, iachwe ipokee maji ya sola na kuyamalizia joto. Kama mtachukua zile za mirija ya kioo, mwambieni kila mtu nyumbani kwamba maji yakikatika na mirija ikakauka, isijazwe mchana jua likiwaka. Kioo kilichopata moto kikikutana na maji baridi hupasuka. Funga koki yake, subiri jua lizame, ndipo uifungulie.